Ukoka wa Nyumbani Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu huja kitaluni kwangu na picha kwenye simu. Karibu zote zinafanana: uwanja wa mbele ya nyumba, kijani pembeni, kipara katikati. Na swali ni lile lile: "Fundi, niweke dawa gani?" Mara nyingi dawa haipo, kwa sababu tatizo haliko kwenye jani, liko chini ya jani. Majibu haya ni ya Tanga mjini na pwani yake, kwa mchanga wetu, chumvi yetu na kaskazi yetu. Mtu wa Lushoto asiyachukue yote.

Nipande nyasi gani?

Ukoka wenyewe, ule wa jani jembamba unaotambaa juu na chini ya ardhi, ndio mgumu kuliko wote. Jua kali, ukame, watoto na mpira, vyote unavimudu. Kivuli ndicho hauwezi. Unataka jua la saa 6 hivi kwa siku, pungufu ya hapo unarefuka kutafuta mwanga na kuacha ardhi wazi.

Za pili ni zile za jani pana na bapa ziitwazo Pemba. Hizi ni wenyeji wa pwani yetu. Chumvi kidogo haiwasumbui, kivuli cha wastani pia, na zikishajaa huwa nene kama godoro. Lakini zinataka maji zaidi ya ukoka, na ukizikata chini sana zinanuna.

Za tatu ni paspalamu ya baharini. Kwa chumvi haina mpinzani, ndiyo maana viwanja vingi vya gofu vilivyo ufukweni hupandwa hiyo. Nyumba iliyo Raskazone karibu kabisa na maji, au yenye kisima cha maji ya magadi, ningeifikiria hii kwanza.

Nyumba yenye watoto wa kiume watatu, panda ukoka tu na usinipigie simu. Ila uwekee mpaka: matofali yaliyozikwa sentimita 15 kati yake na matuta ya mboga. Ukoka ukishaingia kwenye mchicha, utaung'oa mpaka wajukuu.

Shemeji yangu aliniletea nyasi nzuri kutoka Lushoto, zote zimekufa. Nimekosea wapi?

Hujakosea wewe, zimekosea nyasi kukubali safari. Zile za Lushoto mara nyingi ni Kikuyu, nyasi za nyanda za juu. Lushoto mjini iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, usiku kuna baridi. Huku kwetu ukisimama dirishani unaiona bahari yenyewe. Mwezi wa pili joto linazimaliza hata ukizimwagilia mara tatu kwa siku.

Wakati gani ni mzuri kupanda?

Masika. Ngoja mvua ya pili au ya tatu ishuke, maana ya kwanza hudanganya. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwanzo wa Mei, pingili (vipande vya shina vyenye vifundo) zinashika zenyewe na bili ya maji haikuumi. Kama uwanja una mteremko, wahi Aprili. Mvua za Mei zinaweza kubeba udongo pamoja na nyasi zako mpaka kwa jirani.

Vuli pia inawezekana, Oktoba au Novemba. Ila ujue nyuma yake inakuja Januari na Februari, kavu na moto, na nyasi changa hazijajua kuvumilia. Anayepanda vuli awe na maji ya uhakika.

Mbegu, pingili, au vipande vyenye udongo wake?

Pingili. Ni rahisi na zinashika. Vipande vyenye udongo wake ni vya mwenye haraka na mwenye fedha, kwa mfano unayetaka uwanja ujae kabla ya shughuli. Mbegu za paketi ni kamari: zile zenye picha ya nyumba ya Ulaya mara nyingi ni za nyasi za nchi za baridi, zinaota vizuri, wiki sita baadaye hazipo. Na Pemba kwa kawaida haipandwi kwa mbegu.

Kabla ya kulipia gunia la pingili, limwage chini, lichambue. Ukiona vijungu vidogo vyeusi kwenye mizizi, hiyo ni ndago. Usinunue, hata kama muuzaji ni ndugu yako. Unanunua vita ya miaka.

Chimbua sentimita 15, okota mawe, mifuko ya plastiki na vigae. Changanya samadi iliyoiva, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita 2 za mraba. Sawazisha kwa reki. Kata pingili zenye vifundo vitatu au vinne, zika viwili, acha ncha nje, na kati ya pingili na pingili acha sentimita 15. Kanyaga kwa miguu ili udongo ushikane nazo. Mwagilia kila siku wiki mbili za mwanzo. Kwa masika nzuri, miezi miwili hadi mitatu uwanja umefunga.

Nimwagilie kiasi gani? Bili imenitisha.

Wakati wa ukavu nyasi zinahitaji takriban milimita 25 za maji kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Uwanja wa mita 10 kwa 10 unakunywa lita 2,500 kwa wiki: madumu 125, au uniti mbili na nusu kwenye mita. Kwa mwezi ni uniti 10. Sasa unajua bili imetoka wapi.

Kosa kubwa ni kunyunyizia kidogo kidogo kila jioni. Maji yanalowesha sentimita mbili za juu, mizizi nayo inabaki hapo hapo juu, siku moja ukisafiri kila kitu kinakauka. Mwagilia mara mbili kwa wiki, kwa kushibisha, alfajiri kabla jua halijapanda. Mchanga mtupu haushiki maji mengi kwa mkupuo, kwa hiyo huko gawa mara tatu. Kujua umetosha: panga makopo matupu ya nyanya uwanjani, fungua maji, tazama saa, simama makopo yakifika nusu ya kipimo cha wiki. Siku nyingine huhitaji makopo, dakika unazijua.

Na kuna jibu jingine ambalo wateja hawalipendi. Maji ya bomba Tanga yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, yamesafishwa, ni ya kunywa. Ukoka uliokomaa unaweza kulala. Januari ukiuacha bila maji unageuka rangi ya makuti, lakini vishina vya chini viko hai, mvua ikigusa unaamka ndani ya siku chache. Mimi kwangu nauacha ulale. Pemba haina uvumilivu huo, na nyasi changa usijaribu kabisa.

Nina kisima lakini maji yana chumvi. Yanafaa?

Onja. Ukihisi chumvi ulimini, nyasi zitaihisi zaidi. Dalili yake ni ncha za majani kuungua, kisha uwanja unakuwa kama umepakwa kutu, na ukavu ukizidi unaona utando mweupe juu ya udongo. Maji ya chumvi kidogo yanavumilika kwenye mchanga, kwa sababu mchanga unapitisha: mwagilia mengi kwa mara chache ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, usiweke kidogo kidogo ikajikusanya. Masika inaosha iliyobaki. Kwenye udongo mzito usithubutu.

Nyasi zimekuwa njano. Ni ugonjwa?

Unaweza kuwa, lakini anza na mengine.

Njano ya uwanja mzima, majani ya zamani ya chini yakitangulia, ni njaa ya naitrojeni. Mbolea inaiponya ndani ya wiki moja au mbili.

Njano ya majani machanga, mishipa ikibaki kijani, ni jambo jingine na Tanga tunalo sana. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya matumbawe na mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni ni mawe hayo hayo, na kiwanda cha saruji Pongwe hakikuwekwa pale kwa bahati. Udongo wenye chokaa nyingi unafunga madini ya chuma, mmea unakosa chuma hata kama kimo ardhini. Kuongeza UREA hapo ni kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya minyoo. Nyunyizia mbolea ya majani yenye chuma kwa kipimo cha kwenye kopo, na uendelee kuweka samadi na mboji kila mwaka. Na tafadhali, usiweke chokaa wala majivu. Najua bibi aliweka majivu na mboga zikastawi. Shamba la bibi lilikuwa la udongo mwekundu Muheza, halikuwa juu ya matumbawe.

Njano ya viraka vya duara vyenye ukingo wa kahawia, hasa mvua zinaponyesha mfululizo, hiyo sasa ni fangasi. Acha kumwagilia jioni, punguza naitrojeni, kata matawi yanayozuia upepo. Mara nyingi inaondoka yenyewe kipupwe kikiingia.

Anayetaka kujua udongo wake kwa hakika, kituo cha utafiti cha TARI Mlingano kiko Muheza hapo na udongo ndiyo kazi yake. Wengi wetu tunakipita tukienda Korogwe bila kujua.

Katikati ya uwanja kuna kipara. Nimepanda mara tatu, hakishiki.

Chimba. Kabla ya mbolea, kabla ya pingili, chimba.

Nyumba moja Nguvumali ilinipa aibu. Kipara cha duara kama sinia, mlangoni kabisa. Nilipanda, kikafa. Nikaongeza samadi, kikafa. Mara ya tatu mama mwenye nyumba akasema, "Baba, hapo chini kuna nini?" Nikashusha mtaimbo, ukalia ng'aa. Sentimita 8 chini palikuwa na sahani ya zege, mahali mafundi walipochanganyia saruji wakati wa ujenzi, kisha wakafukia. Ilitolewa kwa toroli nne. Tangu hapo mtaimbo ndio daktari wangu wa kwanza.

Ukichimba ukakuta udongo mgumu bila kifusi, basi umekanyagwa: njia ya mkato kwenda geti, gari linaloegeshwa, goli la watoto. Chukua nondo ya milimita 12, toboa matundu ya kina cha sentimita 10, kila baada ya sentimita 10, jaza mchanga uliochanganywa na samadi. Kama ni njia ya watu, acha kupigana nao. Panga vigae au mawe ya kukanyagia. Watu watapita tu.

Ukikuta udongo unanuka mafuta ya taa, dizeli au oili, uondoe wote kina cha sentimita 20, uweke mpya.

Kukarabati kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Kata kingo za kipara mpaka ufikie nyasi nzima zenye afya, tifua sentimita 15, weka samadi, jaza udongo uwe juu kidogo ya ule wa jirani kwa sababu utashuka. Panda pingili kwa ukaribu, sentimita 8 hivi, ukizichukua pembeni mwa uwanja huo huo ili rangi isitofautiane. Kanyaga, mwagilia, kisha zungushia vijiti na kamba ya katani. Kamba ya katani Tanga haikosekani, na watoto wanaiheshimu kuliko maneno. Wiki sita bila mguu wa mtu.

Tulifanya harusi nyumbani, turubai lilikaa siku nne. Uwanja umekuwa mweupe.

Hongereni. Usichimbe chochote kwanza. Kwaruza kishina kwa ukucha: kikiwa kijani au cheupe chenye maji ndani, nyasi ziko hai, zilikosa mwanga tu. Zoa wali, mifupa na vifuniko vya soda, inua nyasi zilizolala kwa reki, shibisha maji, usiweke mbolea wiki mbili. Mahali palipokaa jiko la pilau ndipo patahitaji kupandwa upya, pamoja na palipomwagwa mafuta ya kukaangia. Miguu ya viti inaacha vishimo, jaza mchanga.

Kwa shughuli ijayo, mkeka au turubai la chini liinuliwe kila asubuhi, hata saa mbili tu.

Chini ya mwembe hakuoti kitu.

Wala hakutaota ukoka. Jaribu Pemba kwenye ukingo wa kivuli, punguza matawi ya chini. Karibu na shina pafagie, weka benchi. Sehemu nzuri kuliko zote ya kiwanja mnataka kuipa nyasi?

Ndago inanitoa roho. Nang'oa leo, kesho kutwa imerudi.

Ukiing'oa jani linakatika, kijungu kinabaki, na chini vijungu vimeungana kama tasbihi. Ukivuta kimoja unaamsha vingine. Kulima kwa jembe ndiyo mbaya zaidi, unaisambaza.

Kwenye eneo dogo, chimba kwa uma wa shamba baada ya mvua, fuata mnyororo wote, choma au tupa mbali. Usiweke kwenye mboji. Eneo kubwa ambalo bado hujapanda, lifunike turubai jeusi zito miezi mitatu, ingawa hata hapo baadhi vitapona. Kwenye uwanja uliopandwa tayari, dawa ya kweli ni nyasi nene. Ndago haipendi kivuli. Nyasi ikifunga vizuri inabaki miche michache ambayo unaing'oa kila wiki mpaka vijungu vichoke. Huo ni mwaka mmoja, hata miwili.

Kuna dawa ya magugu isiyoua nyasi?

Kwa magugu ya jani pana kama kishonanguo, mbigili na kifaurongo, zipo zenye 2,4-D ambazo ukoka unazivumilia. Haziui ndago kwa uhakika. Upepo ukizibeba zinaharibu mpapai, nyanya na kunde za jirani, na upepo wetu wa bahari haukawii kuamka. Kama ni lazima, nyunyizia alfajiri pametulia. Glaifoseti inaua kila kitu cha kijani, pamoja na ukoka. Nunua kopo lenye lebo, lililosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji. Kwa uwanja wa kawaida wa nyumbani, kisu cha zamani na kigoda vinatosha.

Kunguru wanachimbua nyasi kila asubuhi.

Wanakusaidia kujua. Chini kuna funza weupe waliojikunja, watoto wa mbawakawa, wanakula mizizi. Shika nyasi uvute: zikiinuka kama mkeka, mizizi imeliwa. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 30 uhesabu. Funza wawili watatu, waache kunguru wale. Wakifika 10, nenda duka la pembejeo ukiwa nao kwenye kopo ili uuziwe dawa ya wadudu hao hasa.

Viwavi jeshi ni wengine: wanakuja kwa makundi mvua zinapoanza baada ya ukavu, siku mbili tatu uwanja umenyolewa. Wanakula majani, hawali mizizi, kwa hiyo ukoka unarudi. Mchwa nao husingiziwa mno. Wengi wao hula kilichokwisha kukauka.

Nikate kwa urefu gani?

Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja. Ukoka uache sentimita 3 hivi, Pemba 5 hadi 7. Masika ni kila wiki, kiangazi hata mwezi. Fyekeo linatosha kwa uwanja mdogo kama mkono umezoea, ila wengi wanalipiga mpaka udongo unaonekana, eti wasirudi mapema. Hapo wamefungulia ndago mlango. Mashine, noa kisu chake: kisu butu kinachana jani, na siku ya pili uwanja wote una ncha nyeupe.

Mbolea kiasi gani?

UREA kilo 1 kwa mita 100 za mraba, mara tatu kwa mwaka: masika inapoanza, inapoisha, na vuli. Kwa kipimo cha mtaani, kifuniko cha soda kinabeba takriban gramu 5. Vifuniko viwili kwa mita moja ya mraba. Changanya na mchanga mkavu ndoo moja, mwaga nusu ukitembea kwa urefu na nusu kwa upana, mwagilia hapo hapo. Mwaka wangu wa kwanza sikuchanganya na mchanga. Uwanja wa mteja ukatoka na mistari kama pundamilia, kijani na ulioungua, na kila mpita njia aliona mkono wangu ulipopita.

Ukishaunguza: maji mengi siku tatu mfululizo, kisha subiri.

Naweza kumwaga maji ya kufulia?

Ya suuza ya mwisho, mara moja moja, ndiyo. Yenye sabuni nyingi au dawa ya kung'arisha nguo, hapana.

Nyasi haziniletei mbu na nyoka?

Mbu wanazaliana kwenye maji yaliyosimama: kopo, tairi, gata iliyoziba. Kwenye nyasi ndefu wanapumzika tu mchana. Nyoka naye anataka pa kujificha. Uwanja uliokatwa hauwapi nafasi wote wawili.

Kona moja imestawi kupita kiasi, kijani sana, mwaka mzima. Nifanye nini ziwe zote hivyo?

Fungua chemba kwanza. Nyasi zinazostawi Februari bila kumwagiliwa, karibu na shimo la maji taka au bomba, zinakunywa mahali. Muite fundi bomba kabla hujaniita mimi, na kama kisima chako kiko karibu hapo, acha kunywa maji yake mpaka uvujaji upatikane.